Kiti cha Mama Mkwe

Saa tatu asubuhi fundi Randa alikutwa amelala juu ya vumbi la mbao, chini ya meza yake ya kazi, magoti ameyavuta hadi kifuani. Aliyemkuta ni mteja aliyefuata kabati lake. Kwanza mteja alidhani fundi amejificha, maana mafundi hujificha siku ya ahadi, hilo si siri. Akainama amwambie kwamba amemwona. Ndipo alipoona shati limelowa kana kwamba limetoka kwenye beseni, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Karakana ilikuwa mbele, vyumba viwili nyuma yake, na choo mwisho wa uwanja, kwa hiyo kelele za mteja hazikuwa na safari ndefu. Mke wa Randa aliacha kitambaa kikining'inia kwenye sindano ya cherehani, akaja mbio na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alimuuliza mumewe amekula nini. Alikula maharage ya jana waliyokula wote. Alimuuliza anaumwa wapi. Randa alijibu tumbo, kisha mgongo, kisha miguu, kisha akaacha kujibu, akasaga meno.

Muuza mkaa wa mlango wa tatu alifika kabla hajaitwa, kama kawaida yake. Kwa maoni yake lile lilikuwa chango, na kama si chango basi fundi kawekewa kitu na watu wasiopenda maendeleo yake. Chango au kitu, dawa ni moja, kuchanja. Wembe anao, mpya, hata karatasi haijatolewa.

"Huo wembe urudishe ulikoutoa," alisema Bibi.

Bibi alikuwa mama yake mke wa Randa. Alikuja taratibu, fimbo mbele na magoti nyuma, kwa sababu magoti yale yalikuwa yameshakataa kazi tangu mwaka juzi. Miaka thelathini alikuwa mhudumu wa wodi. Hakuwa muuguzi, alikuwa wa kufuta sakafu, kumwaga vyombo na kuosha wagonjwa wasiojiweza, lakini mtu akikaa miaka thelathini jikoni atajua kupika hata kama kazi yake ni kuosha sufuria. Aliweka kiganja juu ya paji la uso la Randa. Homa hakuna. Tumbo hakuligusa, kwa kuwa mkwe ni mkwe. Alimwambia binti yake alibonyeze yeye.

Mke alibonyeza. Tumbo la mumewe lilikuwa gumu kama zile mbao alizozipiga randa kila siku mpaka akapewa jina. Vidole havikuzama hata kidogo. Alimtazama mama yake, akaona uso wake umebadilika, na hapo hofu ikamwingia kwelikweli. Mama yake hakuwa mtu wa kubadilika uso. Huko wodini, tumbo la namna hiyo lilikuwa na maana moja tu, kisu.

Gari lililokuja kubeba kabati likambeba fundi. Mtoto wao wa miaka mitano waliyemwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno na hajanyamaza tangu hapo, aliachwa kwa muuza mkaa. Siku hiyo Chiriku alikuwa kimya. Alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na hakuna aliyepata nafasi ya kujiuliza kwa nini.

&nbsp;

Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Chumba chake kiligawanywa na pazia lililochanika katikati. Upande huu kitanda, upande ule benchi la ndugu, na kati yao hapakuwa na siri yoyote. Randa alivuliwa shati, akavalishwa lile gauni la hospitali linalofungwa nyuma kwa kamba mbili, moja ikiwa imekatika. Alilishika kwa nyuma kwa mkono mmoja hata maumivu yalipomkunja. Muuguzi alimuuliza kwa sauti ya kusikika hadi getini mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini, na kilikuwa cha namna gani. Randa alitazama pazia. Kwenye ule mchaniko aliona fimbo ya Bibi, na jicho moja la Bibi.

Daktari alibonyeza tumbo, akabonyeza tena, akakunja uso. Kisha akauliza maswali yake ya kawaida. Umeanguka? Umenyanyua kitu kizito? Umekunywa dawa yoyote?

"Umeumwa na kitu? Nyoka, nge, mdudu?"

Randa alifumba macho. Hapa ndipo mambo yote yalipokuwa yamelala.

Kile choo cha uani kilikuwa cha kuchuchumaa. Magoti ya Bibi yalipokataa, Randa hakuambiwa na mtu. Alichukua vipande vya mbao vilivyobaki, akatengeneza sanduku, akalitoboa tundu la mviringo juu, akalipiga msasa hadi likawa laini kama shavu, akaliacha chooni mchana mmoja watu wakiwa hawapo. Kesho yake Bibi alimwambia binti yake, "Mwambie fundi ahsante kwa ile kazi." Ile kazi. Hakukuwa na jina jingine, wala hapakuwa na neno jingine tangu siku hiyo. Bibi alikivuta kiti mwenyewe, na akimaliza alikisimamisha ukutani. Wengine walichuchumaa. Kukalia kiti kile, kwa Randa, kungekuwa sawa na kujifunga khanga ya mama mkwe akatoka nayo barabarani.

Lakini jana alinyanyua lile kabati peke yake na kiuno kikamkatika. Asubuhi alijaribu kuchuchumaa, akashindwa, akatazama mlango, akatazama kiti. Akakikalia. Alisikia mchomo mdogo kwenye kalio, akadhani ni kibanzi, na fikra yake ya kwanza ikawa ya fundi: upande wa ndani sikuupiga msasa. Alipotoka alimkuta Chiriku amesimama nje akisubiri zamu yake. Akamwambia asimwambie mtu kwamba Baba amekaa kwenye kiti cha Bibi, na akamwahidi peremende.

Sasa alijua hakikuwa kibanzi, na daktari alikuwa anasubiri jibu. Na nyuma ya pazia Bibi alikuwa amesogeza kichwa ili asikie vizuri, maana sikio lake la kulia lilikuwa zito.

"Hapana," alisema Randa. "Sijaumwa na kitu."

Daktari aliandika. Alisema anahofia kidole tumbo kimepasuka, na wasipopasua leo kesho watakuwa wanazungumza mengine. Daktari wa upasuaji angeingia saa sita. Mke wa Randa alipewa karatasi ya kutia sahihi. Alishika kalamu, yeye aliyezoea kukata vitambaa vya watu bila kutetemeka, akashindwa kuona mstari uko wapi.

&nbsp;

Maumivu yalikuja kwa mawimbi. Yalimshika mapajani, yakapanda tumboni, yakambana kifua mpaka pumzi ikawa fupi. Jasho lilimtoka hadi nyusi. Kope zilikuwa zimevimba. Kati ya wimbi na wimbi Randa aliwaza mambo mawili kwa zamu: nitakufa, na, nitasemaje. Mtu mwenye akili angeona kwamba la kwanza linameza la pili. Lakini woga na aibu wakikaa chumba kimoja, aibu ndiyo hulala kitandani.

Mkewe alijiandaa kwenda nyumbani kuchukua shuka, nguo na kadi ya hospitali. Bibi naye alisimama, akashika fimbo. Alisema atafuatana naye, mara moja tu, kisha atarudi. Hakusema anafuata nini, lakini vyoo vya hospitali ile vilikuwa vya kuchuchumaa, na yeye alikuwa ametoka nyumbani tangu asubuhi.

Mkono wa Randa ulitoka kitandani ukamshika mkewe kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Mama asiende."

"Anakwenda kidogo tu, Baba Chiriku. Anarudi."

"Asiende. Abaki na mimi. Nakuomba."

Bibi alisimama pale na fimbo yake. Miaka sita mkwe wake alikuwa akimwamkia ameinamisha kichwa na kuondoka. Leo amelala kwenye maumivu na anamtaka yeye. Bibi akaketi tena kwenye benchi, akabana miguu, akamwambia binti yake aende salama. Hakujua kwamba alikuwa ameokolewa. Randa naye alifumba macho akajiona amefanya la kiume: akipona ataingia kule na rungu, atakiteketeza kiti, na habari itaishia hapo. Kuhusu Chiriku hakukumbuka. Mtoto haruhusiwi kukalia kiti cha Bibi, na kwa akili ya baba mwenye maumivu, kisichoruhusiwa hakifanyiki.

&nbsp;

Mke wa Randa alifika nyumbani akakuta mlango wa muuza mkaa uko wazi na muuza mkaa anapimia mteja. Mtoto je? Alikuwa hapa hapa sasa hivi. Ameomba kwenda chooni kwao, hiki chetu anasema kina giza.

Alivuka uwanja. Alisikia sauti ya mwanawe kabla hajafika, ile sauti ya chini ambayo Chiriku huitumia kwa wanasesere. Mlango wa choo ulikuwa umerudishwa nusu. Ndani, Chiriku alikuwa amekaa juu ya kiti cha Bibi, miguu inaning'inia, anaibembeza huku na huku, visigino vikigonga ubao. Ko, ko, ko.

"Unaongea na nani?"

"Na Bi Mweusi. Nampa pole. Baba alimkalia."

Mama hakuelewa, lakini mwili wake ulielewa kabla yake. Aliuliza kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida, Bi Mweusi ni nani.

"Buibui wangu. Anakaa huku ndani, chini. Ana kitone chekundu tumboni, na mipira yake mitatu. Asubuhi Baba alikaa akaruka, akasema, lo! Akaniambia nisiseme." Chiriku akaziba mdomo, kwa kuchelewa.

Visigino viligonga tena ubao. Ko, ko.

Ni Randa mwenyewe aliyemfundisha mtoto kwamba buibui hauawi. Anatusaidia kula mbu, alisema, buibui ni mpangaji asiye na maneno. Nyumba nzima waliishi hivyo, na kwa buibui karibu wote ilikuwa kweli. Sasa mama alimtazama mwanawe, mapaja membamba kwenye tundu lile, na giza lililokuwa chini yake. Alitaka kumrukia amnyakue. Akajizuia. Akishtuka atateleza, akiteleza atashika ndani ya ubao kwa vidole.

"Acha kugonga miguu, mama," alisema. "Tulia hivyo hivyo. Mikono weka kichwani. Hivyo. Sasa nitakubeba kama ulipokuwa mchanga."

Alisogea. Zilikuwa hatua tatu, naye alizihesabu hadi siku nyingi baadaye. Alimshika mtoto chini ya kwapa, akamnyanyua wima, wala si kwa kumburuta, akatoka naye kinyumenyume hadi katikati ya uwanja. Pale juani alimvua kila kitu, akamgeuza, akamkagua mapaja, makalio, nyuma ya magoti, kila mahali, mara mbili. Hapakuwa na alama. Chiriku alilalamika kwamba watu wanamwona. Mama yake alimkumbatia kwa nguvu hivi kwamba mtoto aliacha kulalamika akaanza kuogopa naye.

Kisha akachukua fimbo ya kuanikia nguo, akarudi, akakipindua kiti.

Ndani kwenye kona kulikuwa na utando wa hovyo, si ule wa mviringo wa kupendeza, bali nyuzi zilizotupwatupwa kama uzi uliovurugika. Katikati yake alining'inia buibui mweusi anayeng'aa, mwili wake mdogo kama harage, miguu mirefu membamba. Alining'inia chali, na tumboni alikuwa na doa jekundu. Mdudu mdogo kiasi hicho. Mke wa Randa alipata hasira kubwa kuliko hofu yake. Alirudi mbio ndani, akamwaga vifungo vyote vya chupa ya kioo juu ya kitanda, akaja akamsukuma yule buibui kwa fimbo mpaka akaangukia chupani, akafunga kifuniko, akakibana kama anamnyonga mtu.

Shuka hakuchukua, wala nguo, wala kadi. Alimbeba Chiriku ubavuni, chupa mkononi, akakimbia.

&nbsp;

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita. Randa alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mkewe aliingia bila kubisha, akaiweka chupa juu ya karatasi ileile aliyopewa kutia sahihi.

"Huyu ndiye aliyemuuma. Baba Chiriku aliketi kwenye kiti cha Mama, asubuhi, chooni. Ameficha."

Daktari aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, akamtazama buibui tumboni. Kisha akamwambia Randa ageuke. Randa aligeuka kama mtu anayegeuzwa kaburini. Pale kwenye kalio palikuwa na vitone viwili vidogo, wekundu kidogo kuvizunguka, na jasho limekusanyika mahali pale pekee kama umande. Alama ndogo kiasi hicho angeweza kuipita mtu yeyote asiyeambiwa.

Daktari alimweleza mke mambo kwa haraka. Sumu ya buibui huyu hushika mishipa ya fahamu, ikaikaza misuli, na tumbo likikazwa hivi hata mzoefu atadhani ni la kupasuliwa. Kupasuliwa hapana, angempasua bure. Kuchanja hapana, kufyonza hapana, kufunga kamba hapana. Atapewa dawa kali ya maumivu na ya kulegeza misuli, na sindano ya pepopunda. Wataangalia presha na moyo. Dawa ya kuua sumu yenyewe hapa hawana, iko hospitali kuu. Ataomba iletwe, asipotulia hadi jioni.

"Atapona?"

"Mtu mzima mwenye kifua kama chake, wengi wao hupona. Lakini saa hizi za mwanzo sitakudanganya, zitakuwa mbaya." Akatazama chupa tena. "Kwa mtoto, au mtu mzee mwenye presha, ningeogopa zaidi."

Mke wa Randa alimtazama Chiriku. Kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa akimeza kidonge cha presha kila asubuhi kwa miaka kumi. Kisha akamgeukia mumewe, na machozi yaliyokuwa yamengoja tangu saa tatu yakatoka pamoja na maneno.

"Wewe ulijua. Ulimzuia Mama asiende, kwa hiyo ulijua. Na mwanangu nimemkuta amekaa juu yake. Juu yake! Heshima gani hiyo, Baba Chiriku? Heshima ya kutuua?"

Randa alilia, na si kwa maumivu tu.

Muuguzi alileta beseni la maji ya baridi, sabuni na vitambaa, akasema mahali pale paoshwe, kisha pakandwe kwa kitambaa cha baridi, ndugu wafanye, yeye ana wagonjwa ishirini. Mke alichukua kitambaa. Kikamtoka. Akakiokota, kikamtoka tena. Wimbi jingine lilikuwa linaanza, na Randa alikuwa ameuma mto.

Bibi aliegemeza fimbo ukutani. Akakunja mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko, kama alivyokuwa akikunja kila asubuhi kwa miaka thelathini, akalichukua beseni.

"Mama, hapana," alisema Randa ndani ya mto. "Mama, tafadhali."

"Nyamaza."

Aliosha. Mikono yake ilikuwa mikavu, haina haraka. Alipaka sabuni, akasuuza, akakunja kitambaa mara nne, akakikamua, akakibandika pale pale bila kusita, akakishikilia kwa kiganja. Randa aligeuzia uso ukutani na kutetemeka mwili mzima, na hakuna aliyeweza kusema lipi linamtetemesha.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema Bibi. "Nimewaosha mahakimu, nimewaosha majambazi. Wote nyuma wako sawa. Wewe hujawa maiti bado, kwa hiyo hata hiyo aibu hujaifikia." Akabadilisha kitambaa. "Ulinitengenezea mimi kiti nisidhalilike. Ulidhani nisingekupa ukikalie siku moja?"

&nbsp;

Saa za mwanzo zilikuwa mbaya kama alivyoahidi daktari. Alasiri presha ilipanda, Randa akaanza kumwita marehemu baba yake, na mkewe alitoka nje ya wodi akakaa chini kwenye sakafu kwa sababu hakuweza kusimama wala kutazama. Ile dawa iliagizwa, ikafika jioni. Chupa yake ilikuwa ndogo kuliko ya vifungo. Ilipoingia, wote watatu walikaa wakitazama tumbo lake, na baada ya muda mrefu mke aliweka mkono juu yake na vidole vyake vikazama kidogo.

Siku ya nne alirudi nyumbani, anatembea kama mzee. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukitoa kiti uwanjani kwa koleo na kukichoma moto mbele ya watu wote, muuza mkaa akitoa maoni. Kabla ya kuwasha walihesabu mipira ya mayai kwenye kona. Ilikuwa miwili.

"Ilikuwa mitatu," alisema Chiriku.

Waliukagua ukuta wa choo, wakakagua paa, wakamwaga maji ya moto kwenye kila ufa. Mpira wa tatu hawakuuona. Chiriku aliulizwa tena na tena, kwa upole, kisha kwa ukali, akashikilia hapo hapo: mitatu. Na Chiriku alikuwa na makosa mengi, lakini kuhesabu alijua.

Randa alitengeneza kiti kingine. Hiki kina miguu minne na hakina kuta, upande wa chini amepaka rangi nyeupe, na ukutani ametundika kijiti cha kugongea. Kila mmoja akikaa, anakigonga kwanza, anainama kutazama. Watu wote wa nyumba wanakikalia sasa, hadi Chiriku.

Kila asubuhi Randa huingia, na mlango ukishafungwa tu sauti ya Bibi hutoka dirishani, inavuka uwanja mzima, inaweza kusikika hadi kwa muuza mkaa.

"Fundi! Umegonga?"

Siku za kwanza alikuwa akinyamaza, na Bibi alikuwa akiuliza tena, kwa nguvu zaidi. Sasa hangoji mara ya pili. Anasimama gizani, kijiti mkononi, anatazama chini ya ubao mweupe, kona kwa kona.

"Nimegonga, Mama," anajibu. "Hakuna kitu. Nakaa."